Nduthi Inayolala na Nduthi Isiyolala

Niliua pikipiki ya mjomba wangu. Sikuigonga, sikuiuza, wala sikuiazimisha mlevi. Niliiua kwa kuitunza.

Wacha nieleze. Mjomba ni mtu wa boda, nje kidogo ya mji wa Kitale. Nduthi yake ya cc 150 ndiyo ilikuwa inalisha nyumba mbili, yake na yetu, na kwa mihula mitatu ilinilipia sehemu kubwa ya karo ya chuo. Aprili moja lori likamsukuma kwenye mtaro. Mguu ukavunjika mahali pawili. Pikipiki ilitoka na mikwaruzo tu. Akawekwa vyuma, akaambiwa asahau usukani kwa nusu mwaka. Akaniita kando ya kitanda akasema, "Kijana wangu, hiyo ndiyo ng'ombe yetu. Iangalie."

Basi nikaiangalia. Niliifunika kwa nailoni nyeusi, ile ya kuanikia mahindi, nikaikaza kwa kamba mvua isiingie. Nikafyonza petroli nyingi kwenye tenki nikaweka kwa pampu ya maji, kwa sababu petroli inayokaa bure ni pesa inayokaa bure. Na kila Jumapili baada ya kanisa nilifungua kamba, nikaiwasha dakika mbili, ikanguruma majirani wakasikia, nikazima. Kufikia Agosti ilikuwa haishiki tena kwa swichi, nikawa naipiga kiki. Nilijiona fundi kabisa.

Oktoba mjomba akaja kwa magongo. Tukafunua. Ndani ya tenki kulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Betri ilikuwa maiti. Kabureta ilikuwa imeziba na kitu kama asali iliyokauka. Ekzosi ilikuwa imeoza kwa chini, ukibonyeza inaingia kidole. Fundi alipomaliza kuhesabu alikuwa amefika elfu ishirini na kitu. Hiyo ndiyo pesa iliyokuwa imebaki ya karo yangu. Tukaamua ng'ombe kwanza. Sikurudi chuo. Ziko sababu zingine pia, sitaki kuisingizia pikipiki maisha yangu yote, lakini ukiniuliza ni siku gani hasa niliacha masomo, nitakuonyesha ile siku ya kufunua nailoni.

Mwaka jana nilisimulia hii stori kwa video. Jamaa mmoja Mkenya anayeishi Minnesota, huko Marekani, akaniandikia. Akasema: ndugu, huku kila Oktoba watu wanalaza pikipiki zao mpaka Aprili, na kila kitu ulichofanya wewe ndicho wanachokatazwa kufanya. Nailoni, kosa. Tenki tupu, kosa. Kuwasha dakika mbili kila wiki, kosa kubwa kuliko yote.

Nilikasirika siku mbili. Halafu nikaanza kujiuliza: hao watu walijifunza wapi? Kwani nani alikuwa wa kwanza kulaza pikipiki? Na kwa nini huku kwetu, tukiwa na nduthi kila kona, hakuna aliyewahi kunifundisha? Hapo ndipo nikaingia kwa historia, na nilichokipata sicho nilichotarajia. Nilidhani jibu ni theluji. Theluji ni nusu ya jibu tu.

Pikipiki ni mtoto wa nchi baridi

Tuanze mwanzo. Mwaka 1885, Ujerumani, katika mji wa Cannstatt karibu na Stuttgart, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda kitu cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa, mawili madogo ya pembeni ya kukizuia kisianguke, na injini ya kama nusu nguvu ya farasi. Mwezi wa Novemba mwaka huo mwana wa Daimler, Paul, akakiendesha mpaka Untertürkheim. Novemba, wasee. Huko Novemba si mwezi wa kutalii.

Mwaka 1894, mjini Munich, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ikawa ya kwanza kuunda pikipiki nyingi za kuuzia watu. Mwaka 1901 Indian ikaanza Springfield, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1903 Harley-Davidson ikaanza Milwaukee, kando ya Ziwa Michigan. Angalia hiyo ramani. Cannstatt, Munich, Springfield, Milwaukee. Hakuna hata pahali pamoja hapo ambapo Januari unatoka na shati. Pikipiki ilizaliwa kwenye baridi. Ilijua theluji kabla ya kujua vumbi la Turkana.

Na zile za mwanzo hazikuwa na vitu vingi vya kuharibika zikisimama. Nyingi zilitumia sumaku inayozungushwa na injini yenyewe kutoa cheche, kwa hivyo betri haikuwa lazima. Taa zilikuwa za kabaidi: unatia maji, gesi inatoka, unawasha kwa kiberiti. Ukiiacha chini ya paa kavu miezi minne, ukirudi unakuta karibu kila kitu kiko vile ulivyokiacha.

Wakati nduthi ilikuwa gari la maskini

Sasa hapa ndipo nilipokosea kufikiria. Nilidhani wazungu wamekuwa wakilaza pikipiki kila majira ya baridi tangu zamani. Si kweli. Kwa miongo mingi watu wa kawaida Ulaya hawakulaza pikipiki kwa sababu moja rahisi: ndiyo iliyokuwa inawapeleka kazini.

Chukua Uingereza na Ujerumani, kuanzia miaka ya 1920 mpaka miaka ya 1950. Gari lilikuwa la mwenye duka, la daktari, la wakili. Mtu wa kiwandani alikuwa na pikipiki, na akioa anaifungia kigari cha pembeni. Mke anaketi humo, mtoto anapakatwa, mzigo unaenda nyuma. Baridi ikija hawakai nyumbani, kwa sababu kiwanda hakifungwi kwa ajili ya theluji. Wanavaa makoti mazito, wanatia magazeti ndani ya koti kuzuia upepo kifuani, na wanaenda. Ukiona picha za watu hao wakiwa barabarani Januari, utamtambua mtu unayemjua. Huyo ni mtu wa boda wa Limuru, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai.

Halafu kulikuwa na vita. Mwaka 1941 jeshi la Ujerumani liliingia Urusi likiwa na maelfu ya pikipiki. Mvua ikaleta matope, kisha baridi ikaja. Oili ikawa nzito ndani ya injini mpaka injini zikakataa kuzunguka, na askari wakawa wanawasha moto chini ya magari ili yashike. Warusi nao mwisho wa mwaka huo huo walihamisha kiwanda chao cha pikipiki kutoka Moscow mpaka Irbit, karibu na milima ya Ural, mbali na mabomu. Kiwanda hicho ndicho kilichozaa pikipiki za Ural zenye kigari cha pembeni. Vita haviulizi kama ni msimu wa kuendesha.

Hata baada ya vita mambo yalikuwa hivyo. Januari 1956, mwandishi wa habari za pikipiki aitwaye Ernst Leverkus aliwaalika wenzake karibu na Stuttgart, katikati ya baridi, waje kwa pikipiki zao. Wengi walikuwa na Zündapp KS 601, iliyobandikwa jina la tembo wa kijani, kwa hivyo mkutano ukaitwa Elefantentreffen, yaani mkutano wa tembo. Mkutano huo upo mpaka leo. Unafanyika kwenye msitu wa Bavaria, watu wanalala kwenye mahema juu ya theluji. Lakini siku hizi wanaenda kama mchezo, kuonyeshana ujasiri. Mwaka 1956, kuendesha pikipiki Januari bado kulikuwa ni maisha ya mtu wa kawaida.

Nani aliilaza? Gari ndilo lililoilaza

Kwa hivyo ni nini kilichobadilika? Theluji haikuongezeka. Magari ndiyo yaliyoshuka bei.

Marekani ilitangulia. Mwaka 1908 Ford ilileta Model T kwa dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa chini ya dola 300, karibu sawa na bei ya pikipiki kubwa mpya. Hebu fikiria wewe ni baba wa watoto watatu Milwaukee. Kwa pesa ileile unaweza kupata kitu chenye paa na viti vinne. Utanunua nini? Watengenezaji wa pikipiki Marekani wakaanza kufunga mmoja baada ya mwingine, na baada ya Excelsior kuacha mwaka 1931, wakubwa waliobaki walikuwa wawili tu, Harley-Davidson na Indian.

Ulaya ilichelewa miaka thelathini. Volkswagen ya mgongo wa kobe ikaenea Ujerumani miaka ya 1950. Italia ikapata Fiat 500 mwaka 1957. Uingereza ikapata Mini mwaka 1959, kwa chini kidogo ya pauni 500. Ghafla yule mtu wa kiwandani akaweza kumpeleka mke kazini bila magazeti kifuani. Viwanda vya pikipiki vya Ujerumani vikaanguka kama miembe iliyoiva. NSU, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa zaidi wa pikipiki duniani katikati ya miaka ya 1950, ikaelekea kwenye magari. BMW yenyewe ilikaribia kufilisika mwaka 1959.

Na pikipiki iliyobaki? Ikawa kitu cha Jumamosi. Kitu cha jua. Mtu ana gari la kwenda kazini na pikipiki ya kufurahisha roho. Sasa, kitu cha kufurahisha roho hukitoi nje kukiwa digrii ishirini chini ya sifuri. Unakilaza.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukilaza: chumvi. Mwaka 1938 jimbo la New Hampshire lilianza kujaribu kumwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na barabara kuu zilipoenea baada ya vita, chumvi ikaenea nazo. Leo Marekani humwaga mamilioni ya tani kila mwaka. Chumvi inasaidia tairi za gari, lakini inakula chuma. Pikipiki haina bodi ya kuficha injini wala cheni, kwa hivyo kila kitu kiko uchi mbele ya maji ya chumvi. Mwenye gari akawa na sababu mbili za kuilaza: haihitaji, na barabara itaiharibu.

Hii ndiyo hoja yangu ya leo, na ninajua kuna watu watabishana. Pikipiki haikulazwa na baridi. Ililazwa na mtu aliyepata njia nyingine ya kula. Ukitaka ushahidi, nenda London leo, mwezi wa Januari, usiku, mvua ya barafu inanyesha. Utaona skuta zinapita. Ni nani hao? Ni wanaopeleka chakula kwenye nyumba za watu, na wengi wao ni wageni waliotoka nchi zenye joto. Baridi ni ileile, mji ni uleule. Pikipiki ya mwenye nyumba iko kwenye gereji chini ya shuka, na ya anayemletea pizza iko barabarani.

Usingizi ukawa sheria, ukawa biashara

Jambo likishafanywa na watu wengi wenye pesa kidogo, sheria inalifuata. Ujerumani, Machi 1997, ilileta nambari za msimu. Kwenye ncha ya kibao cha nambari kunaandikwa miezi miwili, kwa mfano 04 juu na 10 chini. Maana yake gari au pikipiki hiyo inaruhusiwa barabarani kuanzia Aprili mpaka Oktoba, na kodi na bima unalipa ya miezi hiyo tu. Nje ya miezi hiyo huruhusiwi hata kuiegesha barabarani. Mwaka uliofuata, 1998, Uingereza ikaanza utaratibu wa mtu kuiandikia serikali kwamba chombo chake hakiko barabarani, kwa hivyo hakilipiwi kodi.

Mjomba nilipomwambia hiyo ya Ujerumani alicheka mpaka akashika ule mguu. "Yaani serikali inakubali pikipiki ilale na hailipi bima?" Yeye akilala siku moja, mkopo haulali.

Biashara nayo ikaja: dawa ya kutia kwenye petroli isiharibike, chaja ndogo za kuweka betri hai miezi yote, vifuniko vya kitambaa kinachopumua, stendi za kuinua magurudumu. Vitabu vikaandikwa, magazeti ya pikipiki yakawa yanarudia orodha ileile kila Oktoba. Kwa hivyo baada ya miaka sitini hivi kukawa na elimu kamili, imepangwa, inajulikana na kila mtu. Elimu ya kusimamisha pikipiki bila kuiua. Ilitengenezwa na watu waliokuwa na uwezo wa kupumzika.

Na sayansi yake ni hii. Hapa nataka usome polepole, kwa sababu ndipo makosa yangu yalipo.

Petroli huchakaa. Ikikaa miezi, sehemu nyepesi huruka hewani na zile zinazobaki hugeuka gundi. Gundi hiyo hukaa kwenye vitundu vidogo vya kabureta, na vile vitundu ni vyembamba kama sindano. Ndiyo maana wao hutia dawa kwenye petroli mpya, wanaiacha injini izunguke dakika kadhaa ili petroli yenye dawa ifike kwenye kabureta, au wanafunga mfereji wa mafuta na kumwaga yote iliyobaki kwenye kibakuli cha kabureta. Petroli ikiwa na ethanoli ni mbaya zaidi, kwa sababu ethanoli hunywa maji kutoka hewani. Uingereza ilianza kuuza petroli yenye ethanoli ya mpaka asilimia 10 kama ya kawaida Septemba 2021. Na kabla hujasema hayo ni ya kwao, Kenya yenyewe miaka ya 1980 iliuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni.

Tenki la chuma huoza kwenye nafasi tupu. Hewa yenye unyevu ikipoa usiku, maji hujishika kwenye ukuta wa ndani, na kutu inaanza. Ndiyo maana wao hujaza tenki mpaka juu. Mimi nililimaliza.

Injini hutengeneza maji. Hii ilinishangaza kuliko zote. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Injini ikipata moto vizuri, maji hayo hutoka kama mvuke. Ukiwasha dakika mbili na kuzima, yanabaki ndani ya ekzosi na ndani ya oili. Kwa hivyo kila Jumapili, baada ya kuimba kanisani, nilikuwa namwagia ekzosi ya mjomba maji kutoka ndani. Na kila nilipobonyeza swichi nilitoa moto kwenye betri bila kuurudisha, maana dakika mbili haziwezi kuijaza.

Oili chafu ina asidi. Wao huibadilisha kabla ya kulaza, si baada ya kuamsha. Wengine hutoa plagi, wanatia kijiko cha oili juu ya pistoni, wanaizungusha mara kadhaa bila kuiwasha, kisha wanarudisha plagi.

Betri ya asidi haipendi njaa. Ikikaa bila moto, chumvi ngumu hujijenga kwenye sahani zake za risasi na hairudi tena. Huko kwenye theluji kuna hatari nyingine: betri iliyojaa huvumilia zaidi ya digrii 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha huganda kwa digrii chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Kwa hivyo huitoa, huiweka ndani ya nyumba, huijaza polepole.

Na nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani kama mtu anayepika wali kwa sufuria iliyofunikwa. Wao hutumia kitambaa kinachopumua. Shuka kuukuu lingetosha.

Sisi tusiolala

Turudi nyumbani. Boda ilianza na baiskeli miaka ya 1960, mpakani Busia, watu wakibebwa kutoka mpaka hadi mpaka, ndiyo jina likatoka hapo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na zile za bei nafuu kutoka India na China zikajaa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nimekua nikiona nduthi ikibeba mgonjwa, jeneza, kitanda, mbuzi, mwanafunzi na mwalimu wake kwa safari moja.

Hatukurithi ule mpango wa Jumamosi. Sisi tulichukua pikipiki kama yule mtu wa kiwandani wa mwaka 1950, kama kazi. Ndiyo maana hatuna neno la kulaza pikipiki. Mafundi wetu ni hodari kuliko watu wengi duniani kwa kufufua, lakini hakuna anayekuuliza utaisimamisha vipi, kwa sababu kwetu kusimama ni bahati mbaya, si msimu.

Lakini zinasimama, wasee. Zinasimama sana. Machi 2020 kafyu ilipoingia, boda nyingi za usiku zilikaa. Nduthi zinakaa kwenye yadi miezi zikingoja faini. Zinakaa mkopo ukishindikana. Zinakaa mwenyewe akienda kuzika mbali, akilazwa, akifungwa, akifa na familia ikibishana ni ya nani. Na kutu haiulizi kwa nini umesimama. Haijui tofauti ya mtu aliyeenda kuteleza kwenye theluji na mtu aliyevunjwa mguu na lori. Inahesabu siku tu.

Kuna mtu ataandika hapo chini, "Hizo ni mambo za wazungu wenye gereji, sisi hatuna pesa ya dawa ya petroli." Namwelewa. Lakini hesabu na mimi. Kujaza tenki, kumwaga kibakuli cha kabureta, kubadilisha oili, kutoa betri na kuipeleka kwa jirani mwenye chaja mara moja kwa mwezi, kupaka cheni oili, kuinua magurudumu kwa tofali na ubao, kufunika kwa shuka. Nikipiga hesabu kwa bei za hapa kwetu, hata ukiongeza hiyo petroli ya kujaza, haifiki robo ya kile fundi alichotuhesabia Oktoba ile. Na petroli yenyewe hujaitupa, bado ni yako. Mwenye gereji akikosea analipa kwa chenji. Sisi tukikosea tunalipa kwa karo. Kwa hivyo ni nani anayehitaji elimu hii zaidi?

Na kwa wale walioingia kwa nduthi za stima, msidhani mmepona. Betri za lithiamu nazo hazipendi kuachwa zikiwa zimeisha kabisa, wala zikiwa zimejaa pomoni kwa miezi. Kama nusu hivi ndiyo salama, na mahali pasipo joto kali.

Mjomba alirudi steji. Anachechemea, lakini anaendesha. Ile nduthi tuliiuza ikiwa nusu mgonjwa, akachukua nyingine kwa chama. Mwezi wa pili mwaka huu alisafiri kumuuguza shangazi kwa wiki saba. Kabla ya kuondoka alinipigia simu. Hakuniambia niiangalie. Alisema, "Kijana wangu, njoo uilaze."

Nikaenda. Nilijaza tenki mpaka juu, nikafunga mfereji, nikamwaga kabureta, nikatoa betri nikalala nayo chumba kimoja kama mtoto mchanga. Jumapili zote saba nilipita pale baada ya kanisa, nikaiangalia chini ya shuka la maua la shangazi, na sikuigusa. Aliporudi iliwaka mara ya pili.

Kama uko na nduthi imesimama pahali saa hii, yako au ya mzee wako, usiende kuiwasha dakika mbili. Nenda kwanza uondoe hiyo nailoni. Halafu uniandikie hapo chini imesimama tangu lini na kwa nini. Nataka kujua tuko wangapi.